Kasha la Kompyuta ya Gemu: Pima Chumba Chako Kwanza

Najua wengi mmezoea kunisoma nikilalamikia nauli za daladala na ahadi za wanasiasa wetu, lakini leo naomba siasa tuiweke pembeni. Leo tunaongelea boksi. Ndiyo, lile boksi la bati ambalo kompyuta inakaa ndani yake.

Sababu ni hii. Kwa mwaka mzima tulikuwa na mchezo pale kazini, watu kumi na wawili, kila mwisho wa mwezi anapokea mmoja. Zamu yangu ikawa ya mwisho kabisa, na nilishaapa kwamba hela ile haitaishia kwenye vitenge wala michango ya harusi. Itanunua kompyuta moja ya maana, ya kuhariria video za kazi mchana na kuchezea gemu jioni. Kwa hiyo mchezo ukalipia mchezo. Mama aliposikia aliuliza jambo moja tu kwenye simu: "Mwanangu, kodi umelipa?" Nimelipa mama, ya miezi sita.

Vifaa vya ndani havikunisumbua sana. Prosesa nilichagua Ryzen 7 7800X3D, ambayo AMD waliitoa mwaka 2023 na ikapendwa sana na watu wa gemu. Kadi ya grafiki nikachukua RTX 4070. Vitu hivyo vina namba zake, unalinganisha namba na mfuko, umemaliza. Kilichonikalisha wiki tatu nzima ni kasha. Na nimegundua kwamba kasha ndilo wengi wetu tunalinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki, tena kwa macho. Mimi naona ndilo linalohitaji kufikiriwa kwa utulivu kuliko vyote, hasa kwa sisi tunaoishi kwenye joto na vumbi.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mtaani boksi lote tunaliita "sipiyu". Mwambie fundi sipiyu yako haiwaki, atakuelewa. Kiufundi sipiyu ni prosesa, kidude kidogo kama biskuti kinachokaa juu ya mazabodi. Sina ugomvi na lugha ya mtaani, ila jina hili linatuficha kitu. Tukiliita boksi kwa jina la kilichomo, tunasahau kwamba boksi lenyewe lina kazi: linaingiza hewa, linatoa hewa, linazuia vumbi, linashikilia vifaa visitikisike. Likishindwa kazi hiyo, vifaa vya mamilioni vinapata shida kwa sababu ya bati la laki mbili.

Basi bwana, nikaanza kuzunguka, Kariakoo kisha Posta. Duka la kwanza kijana wa kaunta akaniangalia akatabasamu.

"Karibu dada. Unamnunulia mdogo wako wa kiume?"

"Hapana kaka, ni ya kwangu."

Akacheka kidogo, halafu akanishushia kasha jeupe. Mbele kioo, ubavuni kioo, na ndani taa zinazobadilika rangi kama ukumbi wa harusi. "Hili ndilo linatoka sana. Na nyie madada mnapenda nyeupe." Nikamwuliza hewa inaingilia wapi. Akaligeuza huku, akaligeuza kule, ikabidi tutafute wote wawili. Feni tatu za mbele zilikuwa zimefunikwa na kioo kizima, na njia pekee ya hewa ilikuwa mwanya wa pembeni ambao kidole changu cha mwisho hakikupita. Ni sawa na kumvalisha mtu koti la mvua halafu ukamwambia akimbie kutoka Mwenge mpaka Ubungo.

Sasa tufanye hesabu kidogo, nawaahidi haziumi. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta mwisho wake ni joto. RTX 4070 peke yake imewekewa kikomo cha wati 200. Ukijumlisha prosesa, mazabodi na vingine, kompyuta yangu kwenye gemu nzito inakula kama wati 350. Hiyo ni karibu theluthi moja ya pasi ya wati 1000, na inawaka saa nzima bila kupumzika. Ukicheza saa tatu umekula kama uniti moja ya LUKU. Na mimi niko upande wa wanyonge. GTX 1080 ya mwaka 2016, ambayo ilikuwa mfalme wa wakati wake, ilikuwa ya wati 180. RTX 3080 ya 2020 ikaja na 320, RTX 4090 ya 2022 ikaja na 450, na RTX 5090 ya 2025 ni wati 575. Yaani kadi moja ni zaidi ya nusu ya pasi, na umeifungia kwenye boksi.

Lakini joto la kadi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni hewa unayoilisha. Feni haitengenezi ubaridi, inasogeza tu hewa iliyopo. Hapa ndipo wengi tunapotolewa njiani na video za wazungu. Mtu amekaa chumba cha nyuzi 20 au 21, anakuonyesha kadi yake ina nyuzi 66, anakwambia kasha hili safi kabisa. Wapimaji makini kama Steve Burke wa Gamers Nexus huwa wanatoa matokeo kama nyuzi zilizozidi joto la chumba. Hiyo ndiyo namba ya kuitafuta, kwa sababu unaweza kuihamishia kwako. Kama kadi imezidi chumba kwa nyuzi 45, kwenye chumba cha 21 utasoma 66. Dar mwezi wa pili, sebule ina 32, utasoma kama 77. Kasha ambalo kwao ni "la wastani, linavumilika", kwetu linakufikisha mahali ambapo mashine inaanza kujipunguza mwendo ili isiungue. Hiyo 7800X3D kikomo chake ni nyuzi 89, ikifika hapo inapunguza kasi yenyewe. Umelipia farasi, unapanda punda.

Ndiyo maana nasema pima chumba kwanza. Nenda na kipimajoto, hata kile cha ukutani cha bei rahisi, soma saa tisa alasiri, halafu ndiyo uangalie makasha.

Na chumba si joto tu, chumba ni watu. Mimi naishi Sinza na mdogo wangu wa kike, chumba na sebule. Yuko kidato cha sita, anasomea sebuleni na kulala sebuleni, na kompyuta ingekaa hapo hapo kwa sababu chumbani kwangu kitanda kimemaliza nafasi. Jioni moja nikamwonyesha picha za makasha matano niliyoyachuja. Nilidhani atachagua rangi. Yeye akauliza:

"Dada, linapiga kelele? Na hizo taa zinazimika?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hicho kitu kitalala na mimi, hakitalala na wewe."

Jamani, hilo swali lilinikata makali. Nilikuwa nimesoma vipimo vyote vya duniani, na yeye kwa sentensi mbili akaniletea kipimo ambacho hakikuwa kwenye jedwali langu. Mtihani wa kidato cha sita huwa mwezi wa tano, na mtoto huyu anaamka saa kumi alfajiri kusoma. Kasha zuri halipunguzi joto la nyumba. Linalitoa ndani ya boksi na kulimwaga sebuleni, kwenye godoro la mtu mwingine. Hakuna kampuni itakayokuandikia hilo kwenye katoni.

Kwa hiyo tukawa na vigezo viwili vinavyovutana. Kasha lenye matundu mengi linapitisha hewa vizuri lakini pia linapitisha sauti. Kasha lililozibwa na sponji ndani linanyamazisha sauti lakini linabana hewa, na hewa ikibanwa feni zinazunguka kwa nguvu zaidi, kelele inarudi kwa mlango wa nyuma. Suluhisho la katikati ni ukubwa wa feni. Feni ya milimita 140 inasogeza hewa ile ile ya feni ya 120 kwa mizunguko michache zaidi, kwa hiyo inanguruma kwa chini. Ni kama pangaboi na feni ya mezani. Pangaboi kubwa likizunguka taratibu chumba kizima kinapoa na unalala, feni ndogo ya mezani inapiga kelele usiku kucha na inakupepea sikio moja. Kampuni ya Fractal Design ya Sweden ilitoa kasha la Torrent mwaka 2021 lenye feni mbili za milimita 180 mbele, na mantiki yake ni hiyo hiyo. Bei yake haikuwa ya mfuko wangu, lakini somo ni la bure.

Tuje kwenye vumbi, adui mkubwa kuliko joto. Nyie mnaokaa kwenye barabara za vumbi mnanielewa, unafuta meza asubuhi, jioni unaweza kuandika jina lako juu yake. Kasha linahitaji vichujio pale hewa inapoingilia, mbele na chini, na viwe vya kuchomoa kwa mkono bila bisibisi. Nasisitiza hilo la bisibisi. Kichujio kinachohitaji kufungua skrubu sita hutakisafisha, mimi nakujua na wewe unajijua. Mfikirie ule wavu wa mbu wa dirishani. Unapitisha hewa na kuzuia mbu, lakini usipoupangusa miezi mitatu unageuka ukuta wa kijivu, nyumba inakuwa tanuri na unalaumu jua.

Kuna na siri nyingine ndogo. Feni zinazoingiza hewa zizidi nguvu zile zinazotoa. Hapo hewa inajaa ndani na kutokea kwenye kila ufa. Ukifanya kinyume, boksi linavuta hewa kupitia nyufa zote ambazo hazina kichujio, na vumbi linaingia nazo. Mbili mbele kuingiza na moja nyuma kutoa ni mpangilio rahisi unaowatosha watu wengi.

Wako watakaosema, "Dada, mbona hayo yote, si unafungua ubavu tu?" Wale wa enzi za intaneti kafe wanakumbuka yale maboksi ya rangi ya maziwa yaliyopauka, ubavu umevuliwa, feni ya mezani imeelekezwa ndani. Ilifanya kazi. Lakini ubavu wazi ni mwaliko kwa vumbi, na kwa wageni wengine. Mende wanapenda joto. Mjusi naye anafuata mende. Mjusi akikanyaga mahali penye umeme juu ya mazabodi, mnakwenda wote wawili, yeye na mazabodi yako. Fundi wangu ana kopo la misumari dukani kwake na ndani yake kuna mifupa ya mjusi aliyemtoa kwenye kompyuta ya mteja. Analionyesha kama daktari anavyoonyesha eksirei.

Ukubwa nao usiukisie. Vipimo vya mazabodi vinafuata kanuni ya ATX ambayo Intel waliileta mwaka 1995, na mpaka leo bado tunaitumia. ATX kamili ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244, na mini-ITX ni 170 kwa 170. Faida ya kanuni hiyo ni kwamba kasha zuri unalolinunua leo litapokea mazabodi ya miaka mingi ijayo. Prosesa itazeeka, kadi itazeeka, kasha litabaki. Ni kama nyumba na wapangaji. Vitu viwili vinavyoleta kilio ni urefu wa kadi ya grafiki na kimo cha kipoza prosesa. Kadi nyingi kubwa siku hizi zinakaribia au kuzidi sentimita 30, na vipoza vya mnara vina kimo cha karibu milimita 160. Namba hizo mbili ziandike kwenye karatasi uende nazo dukani na futi ya fundi cherehani. Mimi nilikwenda nayo. Walicheka, nikapima.

Kuhusu kioo, sisemi kioo ni dhambi. Lian Li wa Taiwan walitoa O11 Dynamic mwaka 2018, mbele kioo na ubavuni kioo, na watu wakalipenda kwa sababu hewa inaingilia chini na upande wa pili. Kwa hiyo swali ni pale pale: hewa inaingilia wapi? Ila kwetu kuna jambo la nyongeza. Sakafu zetu nyingi ni za vigae, na kioo hiki kigumu kina udhaifu wa ajabu. Unaweza kukigonga katikati kisifanye kitu, lakini kona yake ikigusa kigae hata taratibu kinaweza kupasuka chote vipande elfu. Ukikitoa, kilaze kitandani au juu ya kanga iliyokunjwa. Usikiegemeze ukutani hata kwa dakika moja.

Na usidhani boksi haliwezi kuleta madhara. Kampuni ya NZXT ya Marekani ilitoa kasha dogo la kisasa liitwalo H1 mwaka 2020. Ikaonekana kwamba skrubu zilizoshikilia kibodi kidogo cha kuunganishia kadi ya grafiki zingeweza kusababisha shoti na hata moto. Kampuni ilianza kwa kutuma skrubu za nailoni, baadaye ikabidi kibadilishwe kibodi chenyewe. Februari 2021 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ikatangaza rasmi makasha hayo yasiendelee kutumika mpaka yarekebishwe. Mambo yote hayo kwa skrubu. Hapa kwetu bidhaa inaweza kufika mitumba baada ya miaka mitatu na hakuna atakayekwambia ilitangazwa. Kabla ya kununua kasha la mtumba, tafuta jina lake na historia yake.

La mwisho ni usafiri. Rafiki alinishauri niagize Dubai, kuna uchaguzi zaidi na bei ni nafuu. Kweli, bei ya dukani ilikuwa nafuu. Lakini kasha ni hewa iliyozungushiwa bati, na kwenye ndege hewa unailipia. Katoni ya sentimita 55 kwa 50 kwa 30 ni sentimita za ujazo 82,500. Kampuni za vifurushi zinazogawa kwa 5000 zitakuandikia kilo 16.5, hata kama mzani unasoma nane. Wanaogawa kwa 6000 watakuandikia karibu kilo 14. Prosesa agiza kwa ndege, inaingia mfukoni. Kasha nunua lililopo, au subiri meli.

Hatimaye nilinunua duka la nne, kwa dada mmoja ambaye hakuniuliza namnunulia nani. Aliniuliza, "Kadi yako ina urefu gani?" Nikajua nimefika. Kasha jeusi, jina lake wala si maarufu, wavu mbele, feni mbili za 140 mbele na moja ya 120 nyuma, kichujio cha mbele kinachomoka kwa kuvuta, taa hakuna. Laki mbili na elfu thelathini baada ya kubembelezana. Lina kioo ubavuni, sikatai, na mimi ni binadamu. Nimelisimamisha juu ya kigoda karibu na dirisha ili lisinyonye vumbi la sakafuni, na mgongo wake unaangalia nje ili joto litoke kabla halijamfikia mtu.

Majibu nimeyapata mwezi Februari. Sebule nyuzi 31, gemu nzito saa moja na nusu, kadi 72, prosesa 76. Kwa Dar sina malalamiko. Tumekubaliana na mdogo wangu kwamba saa nne usiku gemu inazimwa, liwe goli liwe penalti, mpaka mitihani iishe. Na yeye Jumamosi ndiye anayeosha kichujio. Hakuna aliyemtuma. Anasema maji yanayotoka yanamwonyesha anavuta nini mapafuni akiwa anasoma, na sasa anadai tuoshe na nyavu za madirisha.

Wadau, nisiwachoshe. Wanaotengeneza makasha haya wanayapima kwenye vyumba vyao, na vyumba vyao havina mende, havina barabara ya vumbi dirishani, na wala havina mtu aliyelala mita moja kutoka kwenye feni. Hivyo vipimo tuviongeze wenyewe. Kabla hujatoa hela muulize muuzaji hewa inaingilia wapi na inatokea wapi, mwombe akichomoe kichujio mbele yako, halafu rudi nyumbani umuulize na unayeishi naye. Kazi kwenu.